Mwalimu wa Ngoma Alifundishwa na Nani?

Ukishasoma wasifu wa walimu watatu wa flamenko, wa nne unaweza kuuandika mwenyewe. Alizaliwa Sevilla au Jerez, au alizaliwa mbali kabisa, tuseme Tokyo, akaiona ngoma hiyo siku moja akapagawa. Akaenda Hispania. Akasoma kwa fulani, kwa fulani na kwa fulani, akazunguka dunia, na sasa anafundisha Jumanne na Alhamisi jioni. Ni maandishi ya kuchosha, na mimi nimeyasoma mengi kuliko inavyomfaa mtu anayeishi Mbeya. Kinachonivuta ni ile sehemu ya katikati: akasoma kwa fulani. Hiyo haikosekani.

Najua humo kuna chumvi. Mtu kahudhuria semina ya siku mbili, akarudi kwao kaandika kwamba amelelewa na gwiji. Lakini hata chumvi hiyo inakwambia wenzetu wanathamini nini. Madrid kuna shule inaitwa Amor de Dios, ipo tangu 1953, na sifa yake kubwa ni majina ya waliofundisha humo. Sevilla alikuwepo Enrique el Cojo, yaani Enrique Kiwete, aliyefariki 1985. Alikuwa kiwete kweli, na alifundisha kucheza mpaka watu wakavuka bahari kumfuata. Hakuna aliyemtaka cheti. Aliyepita mikononi mwake aliandika hivyo, na hilo lilitosha kumpatia wanafunzi wake mwenyewe. Wasifu wa namna hiyo ni mapambo, ni kweli, lakini pia ni mkate.

Sasa chukua kijikaratasi cha tamasha la ngoma hapa kwetu Nyanda za Juu Kusini. Mwalimu wa kikundi, kama ametajwa kabisa, ana mistari miwili: amezaliwa wilaya fulani, ana uzoefu wa miaka kadhaa, amewahi kutumbuiza mbele ya viongozi. Ikiwa alipata semina, semina imeandikwa. Ikiwa aliwahi kwenda Bagamoyo, Bagamoyo imeandikwa kwa herufi nene. Aliyemfundisha kucheza hayumo. Unaweza kudhani ngoma ilimwotea kama ndevu.

Mtindo huu una historia yake. Desemba 1962, katika hotuba yake ya kuapishwa kuwa Rais, Mwalimu Nyerere aliwasuta wasomi waliojua rumba na twisti lakini hawakuzijua ngoma kama gombe sugu na kiduo. Kiduo ni cha Wahehe, kwa hiyo Iringa ilitajwa siku hiyo hiyo utamaduni wa taifa ulipoundiwa wizara. Kikaja Kikundi cha Taifa cha Ngoma, na baada yake, mwaka 1981, Chuo cha Sanaa Bagamoyo, ambacho leo tunakiita TaSUBa. Wachezaji waliotoka vijijini wakawa walimu wenye mshahara. Hilo lilikuwa jambo kubwa na silibezi. Lakini ngoma ilipoingia kikundi cha taifa ikawa ya taifa, na kitu cha taifa hakiulizwi kilitoka mkononi mwa nani. Elias Songoyo, katika tasnifu yake ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliandika jinsi ngoma zilivyogeuzwa bidhaa. Laura Edmondson naye, katika kitabu chake cha 2007 kuhusu sanaa za jukwaani na siasa Tanzania, anavifuata vikundi vikubwa vya Dar es Salaam kwa makini sana. Ni kazi nzuri, lakini mwalimu wa Rungwe au wa Kilolo akivisoma atajitafuta bila kujiona.

Utaniambia, mbona Hukwe Zawose anajulikana? Kweli. Mgogo wa Dodoma, akaitwa Dar es Salaam, akafundisha Bagamoyo, akarekodi na Real World, akafariki Desemba 2003. Ukoo wake unajulikana mpaka leo, kwani mwaka 2024 binti yake Pendo na mjukuu wake Leah walitoa albamu yao, Maisha. Ila Zawose alikuwa na zeze, ilimba na sauti ile isiyo na mfano. Hivyo vinaingia kwenye kanda. Mguu hauingii. Hata Bi Kidude, ambaye kwa miaka mingi alikuwa mwalimu wa unyago, dunia inamwita mwimbaji wa taarab, na ile kazi yake ya kufundisha mabinti hutajwa pembeni kama kionjo.

Kwa hiyo nilifikiri dawa ni rahisi: tuige flamenko, kila mwalimu ataje mwalimu wake. Nikaanza kuuliza. Kwa muda sasa, kila kazi ya uandishi inaponipitisha Tukuyu au Iringa, namtafuta anayefundisha kikundi cha ngoma na kumuuliza, nani alikufundisha? Iringa mama mmoja alinitajia shangazi yake papo hapo, na jina la kijiji, na wimbo wa kwanza. Tukuyu nikakwama. Mzee alinitazama kama niliyeuliza nani alimfundisha kutembea. "Tuliona tu, mwanangu."

Jibu hilo lilinisumbua mpaka niliporudi kwa Godfrey na Monica Wilson, wale wanandoa wanaanthropolojia waliokaa na Wanyakyusa miaka ya 1930. Godfrey alichapisha mwaka 1939 maelezo ya mazishi ya Kinyakyusa, na humo ngoma imejaa: wanawake wanalia, vijana wa kiume wanacheza na mikuki, na msiba unachangamka kiasi cha kumshangaza mgeni. Monica naye, katika Good Company ya 1951, anaeleza vijiji vya rika, wavulana wa umri mmoja wakijenga na kukaa pamoja. Ukiviweka vitabu hivyo viwili sambamba, unaona mzee wa Tukuyu hakunikwepa. Mahali pake pa kujifunzia palikuwa msibani, na waliomfundisha ni wenzake wa rika na waliotangulia mbele yake. Mwalimu mmoja mwenye jina hakuwepo wa kutajwa.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaotaka tujaze fomu za wasifu kama za Madrid. Fomu ile inamtaka mtu, na sisi wakati mwingine tuna tukio. Basi liandikwe tukio. "Alijifunza kucheza kwenye misiba ya Rungwe akiwa kijana." Kwangu mimi hiyo ni sifa nzito kuliko semina ya siku tatu hotelini, maana msibani ukikosea hatua kuna mtu mia mbili wanaokuona, na marehemu ni wao.

Halafu kuna walimu wengine ambao hatuwaiti walimu wa ngoma kabisa. Wamoravian walifika Rungwe mwaka 1891, na wamisionari hawakuipenda ngoma. Leo ingia kanisani Mbeya mjini Jumamosi mchana ukaangalie mazoezi ya kwaya: mguu wa kulia, geuka, inama, inuka na sauti ya pili. Anayewasimamia ni fundi cherehani au dereva wa bajaji, na kwa hesabu ya wanafunzi wa kucheza sidhani kuna anayempita mjini hapa. Humwiti mchezaji, atakasirika. Yeye ni mwalimu wa kwaya. Nimewahi kumwona mmoja akizirudia hatua nne kwa saa nzima kwa sababu safu ya nyuma ilikuwa ikichelewa nusu pigo, na alikuwa sahihi, ilikuwa inachelewa.

Haya yote yangebaki mazungumzo ya sisi wapenda vitabu kama isingekuwa mtaala. Mtaala mpya wa shule za msingi, ulioanza kutumika 2024, una somo la Sanaa na Michezo. Mtu atalifundisha. Shuleni kuna mwalimu mwenye cheti ambaye pengine hajawahi kucheza, na mtaa wa pili yupo mama asiye na cheti anayejua kiduo chote. Huyo mama ataitwa kuwanoa watoto wiki mbili kabla ya mashindano, atapewa soda na nauli, na kombe litapokelewa na mwenye cheti. Karatasi yenye jina la shangazi yake haitamwajiri, lakini angalau ingempa kitu cha kuweka mezani wakati wa kupatana malipo.

Yule wa Iringa aliniomba nimwandikie wasifu wa kuombea nafasi kwenye tamasha. Nikaandika sentensi tano: shangazi, kijiji, wimbo wa kwanza, mwaka aliokabidhiwa kuongoza, na semina. Kijikaratasi kilipotoka, waandaaji walikuwa wamepunguza kwa ajili ya nafasi. Ilibaki semina. Alinipigia simu, hakulalamika hata kidogo, aliuliza tu kama jina la shangazi linaweza kuingia safari ijayo, kwa sababu shangazi bado yupo hai na mjukuu wake anamsomea kila kinachochapishwa.