Mzigo wa Mwenzio: Pembe za Rungwa na Haki ya Kuhesabu

Waswahili husema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ni methali nyepesi kutamkwa na mtu aliyeketi barazani, na pengine ndiyo sababu pwani haijapata kuupima kwayo mzigo mmoja uliozijenga nyumba zake nyingi za mawe, yaani pembe za ndovu. Washairi wameiimba pembe kwa weupe na thamani yake, na siwa ya Pate iliyochongwa kwa pembe imesifiwa kama nembo ya enzi. Ni wachache waliouliza ilikotoka.

Rungwa ni mojawapo ya mahali ilikotoka. Iko kusini mwa Itigi, mkoani Singida, katika nchi ya Wakimbu. Sehemu yake kubwa ni pori la akiba, ambalo mwaka 1964 lilimegwa ili kupata Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Katika karne ya 19 Ukimbu ilitawaliwa na mtemi Nyungu ya Mawe na ruga-ruga wake, hadi alipofariki mwaka 1884. Pembe za bara zilipita mikononi mwa watawala kama yeye kabla ya kuwekwa mabegani mwa wapagazi na kuelekea Bagamoyo na Unguja.

Fasihi ya Kiswahili imeyahifadhi hayo kwa kalamu ya upande mmoja. Maisha ya Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, yaliyochapishwa Ujerumani mwanzoni mwa karne ya 20 kwa juhudi za Heinrich Brode, ni miongoni mwa tawasifu za kwanza katika lugha hii, na uhakiki wa haki haunabudi kuukiri uzuri wake. Sentensi zake ni fupi, na msimulizi hapotezi neno. Lakini macho yake ni macho ya mwenye mali. Pembe huhesabiwa kwa frasila, mkopo wa Taria Topan unatajwa, bunduki zinatajwa. Mpagazi hutajwa kwa wingi wao tu. Anayebeba hana jina, na asiye na jina hatoi ushahidi. Lawama si ya Tippu Tip peke yake, kwani wasomaji wa pwani walitosheka na simulizi hiyo kwa kuwa ilisimuliwa kutoka upande wa gati.

Gati hilo halijafunga hesabu zake. Agosti 2011, katika bandari ya Malindi, Unguja, zilikamatwa pembe zaidi ya 1,000 zilizofichwa ndani ya dagaa. Novemba 2013, hapo hapo Unguja, zilikamatwa karibu tani 3 zilizofunikwa kwa makome ya pwani. Mwaka 2015 Samuel Wasser wa Chuo Kikuu cha Washington na wenzake walichapisha uchunguzi wa vinasaba vya pembe zilizokamatwa sehemu mbalimbali duniani. Walionyesha kwamba kitovu cha mauaji ya ndovu wa nyika, kilichokuwa kusini-mashariki mwa Tanzania, kilikuwa kimeanza kusogea kuelekea Ruaha na Rungwa. Pembe ilitoa ushahidi ambao mpagazi hakupewa nafasi ya kuutoa.

Hapo ndipo suala la uhuru wa kusema linapoingia, nalo liliingia kwa mlango wa hesabu. Katika sensa ya mwaka 2013 ndovu wa Ruaha na Rungwa walikadiriwa kuwa 20,090. Sensa ya 2014, sehemu ya sensa kubwa ya Afrika nzima, ikatoa 8,272. Matokeo yalipotangazwa Juni 2015, Waziri wa Maliasili wa wakati huo, Lazaro Nyalandu, ambaye mwenyewe alikuwa mbunge wa Singida Kaskazini, aliamuru ihesabiwe upya. Hesabu ya tatu ikatoa 15,836. Wataalamu hawa huruka kwa ndege ndogo katika mistari iliyopangwa, huhesabu waliomo katika ukanda unaoonekana, kisha hukadiria eneo zima. Kwa hiyo tofauti haimaanishi lazima kwamba kuna mwongo. Waziri alikuwa na haki ya kutilia shaka, na shaka yake ilijibiwa kwa kurudi angani.

Ila haki hiyo haikupewa kila mtu. Sheria ya Takwimu ya mwaka 2015 iliwabana waliotaka kutangaza takwimu zao, na marekebisho ya 2018 yakafanya kuwa kosa la jinai kusambaza takwimu zenye kupotosha au kukanusha zile rasmi. Adhabu ilikuwa faini isiyopungua shilingi milioni 10, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Mwaka huo huo kanuni za maudhui ya mtandaoni ziliwataka wenye blogu wakate leseni kwa ada ambazo kwa jumla zilizidi shilingi milioni 2. Marekebisho ya mwaka 2019 yaliondoa makali ya sheria ya takwimu. Lakini aliyeishi Rungwa katika kipindi hicho, mwenye simu mkononi na mzoga mbele yake, alikuwa na swali moja la kujiuliza kabla ya kusema: je, idadi ya niliowaona itaikanusha idadi iliyotangazwa?

Ushairi wa Kiswahili una kaida inayoweza kuhukumu jambo hili, nayo ni malumbano. Mshairi hutoa hoja, mwenzake humjibu kwa bahari ile ile, na wasikilizaji huamua. Muyaka bin Haji aliyazungumzia hivyo mambo ya Mombasa na ugomvi wake na watawala wa Unguja, na kurasa za mashairi za magazeti ziliuendeleza utamaduni huo kwa vizazi. Katika malumbano aliyeshindwa hujibiwa, hafungwi. Kaida hii ilipovunjwa, fasihi ilipata habari: Abdilatif Abdalla alifungwa kwa waraka wake wa mwaka 1968, Kenya: Twendapi?, na kutoka gerezani ikaja Sauti ya Dhiki, iliyochapishwa mwaka 1973. Msomaji anayeienzi diwani hiyo kwa ufundi wake, huku akiona sheria ya takwimu ni jambo la wanasiasa, hajaisoma vyema.

Ni kweli kwamba raia naye huzusha, na picha moja inaweza kudanganya kuliko beti mia. Hata hivyo, mfano wa Operesheni Tokomeza watosha kuonyesha upande wa pili. Operesheni hiyo ya mwaka 2013 ilianzishwa kuwaokoa ndovu. Wananchi walipolalamikia mateso na vifo, malalamiko yao yakafikishwa bungeni, na Desemba mwaka huo mawaziri 4 wakapoteza nyadhifa zao. Bila vinywa vya wanavijiji, taifa lingejua idadi ya pembe zilizokamatwa tu. Wanaomtetea ndovu na wanaomtetea mwanakijiji huhitaji kitu kimoja: mtu aliyekuwapo aruhusiwe kusema, kisha ajibiwe.

Kwa mizani hiyo, pengo kubwa katika fasihi ya pembe si uchache wa tungo za kuwalilia ndovu. Maombolezo yapo, na mengi yao yangeweza kutungwa na mtu asiyewahi kusikia jina la Rungwa. Linalokosekana ni utungo wa yule aliyebeba na yule aliyeona, wenye mahali, mwaka na idadi, uliotungwa kwa namna ambayo mwingine anaweza kuupinga. Utungo wa namna hiyo ukitoka Ukimbu na kushuka pwani, wajibu wa kwanza wa baraza utakuwa kuupokea kama mzigo, na kuupima uzito wake kabla ya kuuita usufi.