Pumani: Pongezi kwa Wanafunzi Wahandisi

Neno la Kichewa cha Malawi "pumani" halihitaji mkalimani kwa Mswahili: lina damu moja na pumua na pumzika. Ndilo jina la mashine iliyoanza kama mradi wa wanafunzi wa uhandisi tiba, Chuo Kikuu cha Rice, Marekani. Swali lao lilikuwa gumu: mtoto njiti asiyeweza kupumua vizuri atasaidiwaje pale ambapo mashine ya maelfu ya dola haipatikani? Wakachukua pampu za hewa za matangi ya samaki wa mapambo, mipira na chupa ya maji. Hewa husukumwa puani; kina cha ncha ya mpira iliyozama majini ndicho huamua msukumo, na mapafu hayasinyai.

Hawakuridhika na alama za darasani. Kifaa kilijaribiwa Hospitali ya Queen Elizabeth, Blantyre, Malawi. Matokeo yaliyochapishwa 2014 yalionyesha asilimia 71 ya watoto waliotibiwa nacho walinusurika, dhidi ya asilimia 44 ya waliopewa oksijeni pekee.

Hongera kwao, na kwa wauguzi waliowapokea. Hongera pia kwa wenzao wa Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam wanaobuni vifaa tiba. Kazi ya darasani iliyompa mtoto pumzi imeshafaulu mtihani wake.