Redio peke yake haifundishi: tusome tena ule mpango wa shule wa 2020



Tarehe 14 Agosti 2024, wakati OMS ilitangaza mpox kuwa hatari ya dunia nzima, na Kamituga yetu ikitajwa kila siku ku redio, wazazi wengi wenye nilizungumza nao hapa Bukavu walikuwa na swali moja tu: Septemba watoto wataingia darasani ao hapana? Waliuliza vile juu wanakumbuka 2020. Mimi nasema tuirudilie ile 2020 bila huruma, maana siku ingine ikifika, karatasi yenye itatolewa kwenye kabati ni ile ile.

Tukumbuke kwanza. Machi 10, 2020, mgonjwa wa kwanza wa Covid-19 akatangazwa Kinshasa. Machi 18, Rais Tshisekedi akatangaza kufungwa kwa shule, na kesho yake milango ikafungwa inchi nzima, hata mu vijiji vya Kalehe na Shabunda kwenye ugonjwa ulikuwa haujaonekana. Wafinaliste na watoto wa mwaka wa sita primeri walirudi Agosti 10. Wengine wote walingoja Oktoba 12. Kiisha Desemba 18 shule zikafungwa tena, mpaka Februari 22, 2021.

Katikati ya hizo tarehe, jibu lilikuwa masomo ya mbali: redio, televisheni, na intaneti kwa mwenye mega. Radio Okapi ikaanzisha kipindi cha Okapi École. Kipindi chenyewe siwezi kukicheka. Redio hiyo iko hewani toka 2002, inasema lugha zetu nne za taifa pamoja na Kifaransa, na mu inchi kama hii hakuna chombo kingine chenye kingeweza kuwafikia watoto wengi hivyo. Ukiilinganisha na shule moja ya hapa mjini, yenye ilikuwa inatuma picha za mazoezi ku WhatsApp, halafu inadai minerval kama vile mwalimu aliingia darasani, redio ilikuwa heshima kubwa.

Shida ni kwamba mpango ulihesabu kutuma tu. Kupokea, hakuna mwenye alikuhesabu.

Hapa naongea kama mtu wa agronomia, juu kosa hili tunalijua sana mu kazi yetu ya vulgarizasyo. Chukua mnyauko wa migomba, ule wenye umemaliza mashamba ya Kivu. Ku redio unasema: kata ua la dume kwa kijiti chenye panda, usitumie panga, na kama umetumia panga, lipitishe kwa moto mbele ya kugusa mgomba mwingine. Maneno ni mazuri, kila kitu kiko ndani. Mkulima anasikia nusu, mtoto analia, mvua inagonga ku mabati. Asubuhi anakata ua kwa panga, anatembea nalo toka mgomba mpaka mgomba, na ugonjwa anausambaza yeye mwenyewe. Monitere akipita, kosa analiona kwa dakika moja. Redio haiwezi kuliona. Redio haimwoni mtu.

Njo maana hapa Kivu ya Kusini kulikuwa zamani vikundi vya Dimitra, vyenye FAO ilisaidia kuanzisha, hasa na wanawake wa vijijini. Namna yake ni rahisi: watu wanakutana, wako na redio ya kuzungusha kwa mkono ao ya jua, wanasikiliza pamoja, wanabishana, mwenye ameelewa anamsaidia mwenye hajaelewa. Sasa angalieni hiki kitu. Katazo la Machi 18 lilikuwa juu ya mikusanyiko ya watu zaidi ya 20. Watoto kumi na mwalimu mmoja chini ya mti, kila mtu na jiwe lake la kukalia mbali na mwenzake, walikuwa chini ya sheria kabisa. Na walimu walikuwako! Walikuwa nyumbani, wale wa shule za binafsi bila mshahara wowote, juu minerval ilikuwa imesimama. Redio iko, mwalimu iko, mti iko. Kilikosekana paka kuviweka pamoja.

Mimi wakati ule nilikuwa Kabare, chuo nacho kimefungwa. Mtoto wa dada yangu alikuwa mwaka wa pili primeri. Nyumba ilikuwa na redio moja, ya baba mkubwa, na mapile yake yalikuwa ya habari ya jioni. Mwenye alizigusa mchana alijua mwenyewe kitakachompata. Siku chache zenye tulipata kusikiliza somo, lilikuja kwa Kifaransa. Mtoto alishika muziki wa kufungulia kipindi, akauimba wiki nzima mu shamba. Somo lenyewe lilipita juu ya kichwa chake. Na sheria ya elimu ya Februari 2014 inasema wazi kwamba lugha za taifa na za mahali njo za kufundishia, juu mtoto mdogo aelewe kwanza kwa lugha anayoisema. Huyu alikuwa bado anatafuta namna ya kushika biki. Hakuna redio yenye itamshika mkono.

Tunafika sasa ku kufungua. Kuanza na wafinaliste kulikuwa na sababu, nakubali: ni wachache, Exetat inangoja, wakubwa wanaweza kuvaa maski vizuri. Lakini hapo shule ilijionyesha kuwa kiwanda cha mitihani. Gratuité ya primeri ilianza Septemba 2019. Kuna watoto wenye waliingia darasani mara ya kwanza mwezi ule juu mzazi hakuombwa tena pesa, wakasukumana mu vyumba vyenye vingine vilipita watoto mia moja. Walisoma miezi sita. Halafu wakakaa nyumbani karibu miezi saba. Hao njo walikuwa na kitu kidogo cha kushikilia, na hao njo waliwekwa mwisho wa mstari.

Na kalenda! Hii inaniuma kama mtu wa shamba. Huku kwetu milimani, Agosti shamba limelala, mavuno ya msimu B yamekwisha, mvua haijaja. Mtoto iko bure. Mwezi ule mlango ulibaki umefungwa kwake. Ulifunguliwa Oktoba, wakati maharagi na mahindi ya msimu A yanaomba palizi na kila mkono nyumbani una jembe. Mzazi mwenye amezoea miezi saba kulima na mtoto wake, umwambie leo amwachilie? Kule Katanga kwenye mvua inakuja Novemba, hesabu ni ingine kabisa. Tarehe moja kwa inchi yenye misimu mingi hivi ni rahisi kuitangaza, basi.

Kinachonishangaza zaidi ni kwamba uzoefu ulikuwako. Ebola ilikaa Beni na Butembo toka Agosti 1, 2018 mpaka Juni 25, 2020. Kule shule nyingi ziliendelea kusomesha katikati ya ugonjwa: maji na sabuni ku mlango, kipima joto, walimu wenye walifundishwa namna ya kumtambua mtoto mgonjwa na nani wa kumwita. Ebola si Covid, haipiti hewani, najua. Ila namna ya kupanga shule wakati wa hofu, nani anasimama ku mlango, nani anamjulisha mzazi, hiyo walimu wa Butembo walikuwa nayo mu vidole. Machi 19, 2020 na wao walirudishwa nyumbani siku moja na wengine, wakaambiwa wangoje maagizo toka Kinshasa.