Pembe ya Majivu

Kaniki ni nguo yenye ukaidi. Unaweza kuipiga pasi asubuhi nzima na bado ukabaki mkunjo mmoja unaojificha mpaka taa iwashwe. Hilo nilijifunza Lukuledi, ndani ya ghala la korosho, mwezi wa Julai, nikimtazama dada mmoja aliyepiga magoti juu ya jamvi, pasi ya mkaa mkononi, akinyunyiza maji kwa vidole na kupitisha chuma taratibu kufuata mshono. Vilikuwa vipande sita vilivyoshonwa pamoja. Viwili alituazima bibi yake, ambaye tangu jana yake alikuwa ameuliza kama kuna mtu anapungwa pepo. Hapana, bibi, tunatengeneza video ya muziki. Basi mbona nyeusi, na wimbo mmesema ni wa mapenzi? Dairekta, kijana wa miaka ishirini na kitu, alichuchumaa mbele yake akamjibu kwa adabu: "Ili aonekane mwimbaji peke yake, bibi. Ukuta usionekane."

Jibu hilo bado ninalo. Wengi wetu tunadhani kupanga kichupa ni kukusanya: gari la kukodi, nyumba ya ghorofa, madansa wanane, nguo za kubadilisha mara tano. Mwenye fedha na akusanye. Asiye nazo huanza kwa kuondoa, na akishaanza kuondoa inambidi atazame kila kitu kilichobaki, kimoja kimoja, ajiulize kinafanya nini pale. Kazi hiyo ya kutazama ndiyo ninayotaka kuisifu, kwa sababu haina jina kwenye mabango na mtazamaji akishaipata video simuni haioni kazi hiyo kabisa.

Ghala tulilipata kwa sababu ya majira. Julai mikorosho ya Masasi na Newala inachanua, mashamba yananuka salfa, na msimu wa minada bado hadi Oktoba. Maghala hukaa matupu, na mizani yake, vumbi lake na harufu ya magunia. Dari ya juu, sakafu ya saruji, mlango mpana unaotazama magharibi, dirisha moja dogo linalozibika kwa gunia: mtu wa kazi hii akiona chumba cha namna hiyo moyo unamdunda. Tuliandika barua kwa uongozi, tukawaamkia wazee, tukaahidi kufagia.

Bajeti nzima ilikuwa shilingi 600,000, nazo zilitoka kwa mjomba wa mwimbaji. Msomaji wa kusini hahitaji kuelezwa uzito wa jambo hilo. Wamakonde, Wamakua na Wayao huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Mjomba ana neno jandoni, ana neno kwenye posa, na shilingi yake ya korosho imebeba kazi ya mwaka mzima, tangu kupalilia hadi kuinama kuokota. Mpwa wake alikuwa na ndoto ileile waliyo nayo vijana wengi wa huku tangu Harmonize, mtoto wa Mtwara, alipotoka na wimbo wa "Aiyola" mwaka 2015, kisha akalitangaza jina la Konde mpaka nje ya mipaka. Lakini ndoto haikodishi taa. Kila noti ya mjomba ilibidi ijulikane inakwenda wapi kabla haijatoka mfukoni.

Siku mbili kabla ya kushuti, dairekta alikuja na kopo la majivu ya jikoni. Akasimamisha kamera kwenye stendi, akanipeleka mita tano mbele yake, karibu na ukuta, akaniambia nisogee kushoto polepole huku yeye akitazama kwenye kioo. "Hapo hapo, kaka." Nilikuwa nimefika ukingoni mwa picha. Akaja akamwaga majivu penye vidole vyangu vya miguu. Tukafanya vivyo hivyo upande wa kulia. Kisha akachuchumaa na kopo lake, akavuta mstari kutoka alama ya kwanza hadi miguuni mwa kamera, akavuta na wa pili, na sakafuni ikawapo pembe ya majivu, nyembamba kwenye kamera, pana kwenye ukuta.

Tulisimama tukaiangalia. Kilichokuwa ndani ya mistari ile ndicho kitakachokuwepo. Nje yake, hata kwa hatua moja, unaweza kuweka jenereta, masufuria ya wali na mbaazi, mikoba ya madansa, watoto wa jirani wote, na kwa mtazamaji visiwe vimewahi kuzaliwa. Tukaanza kutoa. Mizani ikatoka, ndoo ikatoka, rundo la kamba likatoka. Ukutani palikuwa na hesabu za magunia za msimu uliopita, zimeandikwa kwa chaki. Hizo ndizo zilizohitaji kaniki. Tukapima: upana wa ukuta unaoonekana ulikuwa mita tano na kidogo. Tungehitaji vitambaa vingi kuliko tulivyokuwa navyo.

Hapo akaivua lensi ya milimita 35, akaweka ya 85 aliyoiazima Mtwara, akachukua ufagio, akafuta mistari yake mwenyewe na kuichora upya. Pembe ikanywea. Ukuta uleule, umbali uleule, sasa ulionekana mita mbili na kitu tu. Nguo ya mita mbili na nusu ingetosha kwa picha zote za karibu, na ile pana ya vipande sita ingefanya kazi mara moja tu, kwenye kiitikio cha mwisho, madansa wakiingia. Sikuwahi kuona fedha ikiokolewa kwa ufagio. Mpaka leo nikiona video ya mtu, sijali imetengenezwa wapi, naitafuta ile pembe sakafuni.

Mengine yalikuwa kwenye kaunta buku. Wimbo ulikuwa na dakika 3 na sekunde 20, yaani sekunde 200, na kila mstari wa daftari ulibeba sekunde kadhaa, maneno yanayoimbwa, aliyesimama, nguo aliyovaa na upande inakotoka taa. Aliusikiliza wimbo huo siku tatu bila kugusa kamera. Halafu akaandika orodha ya pili, ambayo haifuati wimbo bali inafuata taa: picha zote za taa ya kushoto zinapigwa pamoja, hata kama moja ni mwanzo wa wimbo na nyingine ni mwisho wake, maana kuhamisha taa kunakula nusu saa na nusu saa ni mafuta ya jenereta. Viitikio vyote mbele ya kaniki. Ubeti wa kwanza juu ya magunia matupu. Ubeti wa pili mlangoni, saa kumi na moja jioni, jua likiingia lenyewe bila kulipwa.

Taa zilikuwa mbili za kukodi. Moja alisimamisha karibu sana na mwimbaji, kama mita moja, ikipita kwenye shuka jeupe lililotandazwa kwenye fremu ya mianzi, na kaniki ikawa mita tatu kutoka taa hiyo. Mwanga una tabia yake: umbali ukizidi mara tatu, kinachofika ni sehemu moja tu kati ya tisa. Kwa hiyo uso ulikuwa angavu na nguo nyuma yake ikazama gizani. Ya pili aliificha nyuma ya mwimbaji, juu, ili imchore mabega na nywele, asije akamezwa na weusi. Ngozi nyeusi haipendi kumulikwa usoni kama mtuhumiwa. Inapendeza mwanga ukiitelezea kwa ubavu, hasa ikipakwa mafuta kidogo, nao ukirudishiwa upande wa pili na kitu king'aavu. Chetu kilikuwa sinia la pilau. Dada wa kaniki ndiye aliyelishika, na alijua kuligeuza kidogo tu mpaka jicho la mwimbaji likapata nukta ya mwanga.

Wakati huo niliikumbuka studio ya kwanza ya sinema ya Marekani, ile ya Thomas Edison kule New Jersey, mwaka 1893. Waliiita Black Maria. Ilikuwa banda lililofunikwa kwa karatasi za lami, jeusi nje na ndani, na paa linalofunguka, limewekwa juu ya reli ya mduara ili lizungushwe kulifuata jua. Hesabu yake inajulikana hadi senti: dola 637.67. Mwaka uliofuata mcheza dansi wa Kihispania, Carmencita, alikuja kuzungusha sketi yake humo, na nyuma yake hakuna kitu, weusi mtupu. Waliokuwa na mwanga mmoja tu, na huo ni wa Mungu, walijenga nyumba nzima ya kuuheshimu.

Kuna jambo lilinifurahisha zaidi ya yote. Dairekta alitaka kiitikio cha mwisho kiende taratibu, nguo zielee, lakini midomo ilingane na maneno. Ukipiga picha 50 kwa sekunde na kuzicheza 25, mwendo unapungua nusu, na midomo nayo. Dawa yake ni kumwimbisha haraka. Alikuwa amekwisha kuuandaa wimbo kwenye simu kwa kasi mara mbili, na wiki nzima mwimbaji na madansa walifanya mazoezi nao, sauti nyembamba kama ya ndege, miguu ikikimbizana. Sekunde 40 za kiitikio ziliimbwa kwa 20. Hakuna hata mmoja aliyekosea.

Na mtu asidhani haya ni ya kuigiza kutoka mbali. Newala, ukingoni mwa uwanda ambapo ardhi inakatika na bonde la Ruvuma linafunguka chini yako, wazee wanaujua ufundi huu kwa jina la mapiko. Lipiko huchongwa kwa mti mwepesi, hubandikwa nywele za mtu kwa nta, na anayelivaa hufunikwa nguo mwili mzima. Yeye mwenyewe huona njia kupitia kinywa cha kinyago. Jirani yako, uliyekutana naye asubuhi kisimani, hayupo, yupo lipiko. Kabla halijaingia uwanjani kumefanyika kazi ya siku nyingi huko kando, isiyozungumzwa mbele ya wasiohusika, na ngoma zimejua mapema zitanyamaza wapi ili bega litikisike peke yake. Nilipomwona dairekta akifuta majivu na kuyachora upya, sikuona mgeni.

Miaka kadhaa nyuma nilishiriki kazi nyingine mjini Masasi ambayo hatukuipanga. Tulikuwa na gari, tulikuwa na nyumba nzuri, tulipiga picha mchana kutwa kila penye mandhari ya kupendeza, mawe makubwa ya mjini nayo tukayapanda. Tulipokaa kuunganisha, ubeti wa pili haukuwa na picha hata moja. Mwenye wimbo aliishia kuuweka mtandaoni na picha moja iliyosimama. Nakumbuka alivyonyamaza.

Siku ya Lukuledi umeme ulikatika saa nane mchana, na jenereta iliyokuwa imewekwa nje ya mistari ikawashwa. Chakula kilikuwa tayari saa sita kama daftari lilivyosema, kwa sababu dairekta alikiandika kabla ya taa. Mdansa mwenye njaa, alisema, anaonekana magotini. Saa kumi na moja jua liliingia mlangoni. Tulikuwa na dakika kumi na tano za mwanga huo, na tulitumia kumi na mbili.

Jioni mtunza ghala, mzee aliyekuwa ameketi kwenye kiti chake kandokando ya mizani tangu asubuhi, aliomba kuona. Tukamshikia kamera. Aliinamia kioo kidogo, akamwona kijana akiimba ndani ya giza safi, uso ukimeremeta. Akatazama mpaka mwisho, akaomba arudishiwe mwanzo.

"Ameimba vizuri," akasema. "Lakini hapa ni wapi?"

"Ni hapo hapo ulipoketi, mzee. Hatua moja kushoto kwako."

Mzee akageuka kutazama sakafu, penye mstari wa majivu uliopita karibu na mguu wa kiti chake, akauvuta mguu wake ndani kidogo.