Pongezi kwa Mafundi wa Jeki

Mgeni anayefika Galveston, Texas, hukimbilia ukuta wa bahari akapige picha. Sawa, lakini pongezi zangu ni za mafundi wa jeki.

Kimbunga cha Septemba 8, 1900 kiliua watu wasiopungua 6,000 na kufagia mitaa mizima. Wahandisi watatu, akiwamo Henry Martyn Robert (ndiye yule wa kanuni za kuendesha mikutano), wakashauri ujengwe ukuta wa mita 5 hivi, na ardhi nyuma yake iinuliwe. Hapo ndipo penye kazi. Nyumba zaidi ya 2,000 zilinyanyuliwa kwa jeki za kuzungushwa kwa mkono: wafanyakazi wakizungusha kwa pamoja, kidogo kidogo, kuta zisipasuke. Kanisa la Mtakatifu Patrick, lenye uzito wa tani 3,000, lilihitaji jeki 700. Kisha mchanga uliochanganywa na maji ukasukumwa kwa mabomba hadi chini ya sakafu, na wakazi wakapita juu ya vijia vya mbao, tope likinuka, hadi kazi ilipokwisha 1911.

Miaka minne baadaye kikaja kimbunga kingine kikubwa. Safari hii mji ulisimama.