Mwendo wa Naro Moru

Mtangazaji wa televisheni ndiye mgonjwa mgumu kuliko wote mlimani. Mwalimu wa shule akipungukiwa na hewa juu ya mita 4,000 atakaa chini na kusema kichwa kinamgonga. Mhasibu ataomba maji. Mtangazaji akiona kamera imewashwa atanyoosha mabega, atatabasamu, atatoa sentensi nne safi zenye mwanzo na mwisho, kisha kamera ikizimwa atazunguka nyuma ya jiwe na kutapika. Miaka ya kazi imemfundisha kuuficha mwili wake. Na hapa Mlima Kenya amekabidhiwa kwa mtu wa mji wa Naro Moru ambaye kazi yake yote ni kuusoma mwili huohuo.

Napenda kumtazama mtu huyu akifanya kazi, ingawa si rahisi kumwona akifanya chochote. Anatembea mbele, mikono mifukoni mara nyingi, anauliza habari za watoto wa mgeni, za nyumbani kwake, za timu ya mpira anayoishabikia. Hayo si mazungumzo ya kupitisha wakati. Majibu yenyewe hayamshughulishi sana. Anapima yana urefu gani. Mtu anayejibu kwa sentensi nzima ana pumzi ya kutosha. Anayejibu kwa neno mojamoja, mwendo unapunguzwa bila yeye kuambiwa. Kwa mtangazaji kipimo hicho hakifai, kwa sababu mdomo wake umezoea kusema uongo kwa ajili ya kazi. Basi mwongozaji huhamia mikononi. Anaangalia zipu ya jaketi iliyoachwa wazi kwenye baridi, kamba ya kiatu iliyofunguka na mwenyewe hajali, glavu moja imevaliwa na nyingine imesahaulika. Anaangalia sahani ya jana usiku ilirudi jikoni na nini. Zaidi ya yote anaangalia nyayo. Ubongo ukianza kuvimba kwa kukosa oksijeni, mtu huyumba kama mlevi, na mara nyingi huyumba angali anazungumza vizuri tu. Mgeni akikanyaga pembeni ya jiwe ambalo lilikuwa pana vya kutosha, mwongozaji amekwisha kujua kile ambacho ulimi utakuja kukiri saa mbili baadaye.

Watangazaji hawa huletwa milimani na shughuli za kuchangisha fedha. Mfano unaojulikana zaidi ni wa jirani zetu: Machi 2009 shirika la Comic Relief la Uingereza lilipeleka watu tisa mashuhuri Kilimanjaro, miongoni mwao Gary Barlow, Cheryl Cole, Fearne Cotton na Chris Moyles wa redio ya BBC. Wote tisa wakafika kileleni, na zaidi ya pauni milioni 3 zikapatikana za kupambana na malaria. Miaka miwili baadaye kundi jingine, pamoja na Dermot O'Leary, Lorraine Kelly na Peter White, mtangazaji asiyeona, lilitembea kilomita 100 katika jangwa la Kaisut, kaskazini mwa Kenya. Hata chimbuko la shirika hilo lina mkono wa Mkenya. Lilianzishwa mwaka 1985 kwa sababu ya njaa ya Ethiopia, na picha za njaa hiyo zilizoitikisa Uingereza Oktoba 1984 zilipigwa na Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi. Mlima wetu haujapata kundi lenye kelele kama la Kilimanjaro, lakini makundi madogo huja, na watangazaji wetu wa Nairobi nao siku hizi hupanda kuchangia hospitali na karo za shule. Kazi ya kuwapandisha ni ileile.

Inaanza na kuchagua njia, na hapo ndipo mwongozaji mzuri hugombana na ratiba. Njia ya Naro Moru ni fupi, kwa hiyo watu wa televisheni huipenda. Lakini kutoka Met Station, mita 3,050, hadi Mackinder's Camp, mita 4,200, ni siku moja tu ya kutembea, tena kwa kupitia Vertical Bog, mteremko wa matope na mafungu ya nyasi ambao huvua watu gambuti. Madaktari wa milimani hushauri kwamba ukipita mita 3,000 usilale zaidi ya mita 500 juu ya ulipolala jana. Hesabu haikubali. Mzee aliyewahi kumshusha mtu mgongoni usiku wa mvua hapendi njia hiyo kwa mgeni aliyetoka kwenye ndege juzi. Atasema twende Sirimon, kutokea Nanyuki, tulale kambi ya Old Moses, siku moja ya ziada ya kupumzika, tushukie Chogoria ambako ziwa Michaelson litawapa picha wanayoitaka. Hilo la ziwa ni werevu. Anajua siku ya ziada haitanunuliwa kwa hoja ya afya, ila itanunuliwa kwa picha.

Kisha mwendo. Nyanda za chini mtu hawezi kuamini kwamba kutembea polepole ni ufundi. Jaribu mwenyewe kupanda mlima kwa kasi ya kuudhi, saa sita, bila kusimama na bila kuharakisha hata mara moja. Utaona miguu inakusaliti kila unapofika mahali tambarare. Kiongozi wa Naro Moru haongezi mwendo penye tambarare. Unyayo unatua mzima, goti la nyuma linanyooka, uzito unakaa kwenye mfupa badala ya msuli kwa nukta moja, ndipo mguu mwingine unainuka. Nyuma yake msururu mzima unaanza kupumua kwa hatua zake bila kujua. Vijana wanaojifunza kazi hushindwa hapa kwanza: wana nguvu, wanaona aibu kwenda hivyo mbele ya mtu mashuhuri, na kufikia adhuhuri mtu mashuhuri amelala chini ya senesio akishika kichwa. Wazee huwaambia neno moja tu la Kikuyu, kahora, yaani polepole, na huwaambia mara nyingi.

Jikoni kuna ustadi mwingine, na naona hausifiwi ipasavyo. Pale Mackinder's maji huchemka kwenye nyuzi 86 hivi, kwa kuwa hewa ni nyepesi. Maharagwe yanaweza kuchemka mchana kutwa yasiive, na gesi ikaisha. Kwa hiyo mpishi amekwisha kupika githeri yake nyumbani, ameipoza, ameifunga. Mlimani anaipasha tu. Viazi vya sokoni Karatina anavikata vidogo kuliko ambavyo mama yeyote angevikata. Supu hutangulia kila mlo, kwa sababu mtu aliyepoteza hamu ya chakula bado atakubali kunywa. Saa kumi jioni huja bisi. Wageni hudhani ni mapokezi mazuri, na ni kweli, lakini bisi zina chumvi, chumvi huleta kiu, na kiu hunywesha chai vikombe vitatu mtu aliyeapa kwamba hana kiu. Wakati huohuo pimbi wa Mackinder's, wanene na wasio na adabu, wanasubiri mtu aache mlango wa jiko wazi.

Halafu kuna mambo ya kamera. Betri hufa kwenye baridi, na mpagazi aliyezoea hulala nazo ndani ya mfuko wake wa kulalia, zimefungwa kwenye soksi. Kamera yenyewe hailazwi ndani ya hema lenye joto, maana ikiingizwa humo kutoka kwenye baridi lenzi hufunikwa na umande. Mwongozaji anajua upepo unageukia wapi, na anajua jiwe gani lina kivuli cha upepo ambako kipaza sauti hakitanguruma. Anajua pia kwamba bonde huwa wazi asubuhi na kwamba ifikapo saa nne wingu litapanda kutoka msituni. Anayetaka kilele kionekane nyuma ya bega la mtangazaji aseme maneno yake kabla ya hapo.

Maneno hayo husemwa mara kadhaa. Mtangazaji anatembea kuelekea kwenye kamera peke yake, mdogo chini ya mlima mkubwa, anaeleza jinsi upweke wa huku juu unavyomfikirisha. Mkurugenzi hajaridhika. Warudi wote chini, waanze tena. Nyuma ya jiwe la kushoto wamejibanza wapagazi na mizigo yao, jiko, mahema, kreti la mayai.

“Wewe, inama! Kofia inaonekana!”

“Mzee, nikiinama mayai yatamwagika.”

“Basi ingia nyuma ya lobelia.”

Huo upweke wa kwenye skrini umetengenezwa na watu wengi waliokaa kimya kwa dakika mbili. Nisingeuita udanganyifu. Ni kazi, na inafanywa kwa nidhamu ambayo nimeona majukwaa ya maigizo yakiikosa. Lakini mtazamaji wa London au wa Nairobi angepata programu nzuri zaidi, nadhani, kama kamera ingegeuka nyuzi tisini.

Desturi ya kuachwa nje ya picha ni ya zamani hapa. Halford Mackinder alipokuja mwaka 1899, msafara wake ulikuwa na Wazungu sita, Waswahili 66, Wakikuyu 96 na waongozaji wawili wa Kimaasai. Tarehe 13 Septemba akafika kilele cha Batian pamoja na César Ollier na Joseph Brocherel. Majina hayo matatu yamo katika kila kitabu cha mlima. Hao wengine karibu wote wamebaki tarakimu. Kambi inaitwa Mackinder's, na kila kizazi cha wapishi kimepika humo.

Usiku wa kilele ndio mtihani wenyewe. Lenana, mita 4,985, hufikiwa kwa miguu bila kamba. Batian na Nelion ni za wakwea miamba. Kundi huamshwa kabla ya saa tisa, kwa sababu kokoto za mteremko zikiwa zimeganda hubeba mguu, na zikiyeyuka hukurudisha hatua moja kwa kila mbili. Juu kabisa kila pumzi ina oksijeni kidogo tu zaidi ya nusu ya ile ya Mombasa. Televisheni inataka jua lichomoze, machozi yatoke, bendera ya shirika ipepee. Fedha zimekwisha kuahidiwa na watu kwa kufika. Katikati ya shinikizo hilo mwongozaji anamulika nyayo za mtangazaji kwa tochi ya kichwani, anahesabu, anasikiliza kikohozi. Nyuma yake yupo msaidizi aliyepangwa kushuka na yeyote atakayeshindwa, na msaidizi huyo ameambiwa jana jioni ni nani anayeelekea kushindwa. Mara nyingi utabiri ni sahihi. Na ikibidi, mwongozaji husema, “Sisi tunashuka,” kwa sauti ileile aliyotumia kuuliza habari za mpira. Hasemi wewe. Mtu aliyezoea kushangiliwa hukubali kushuka kwa urahisi zaidi akiambiwa “sisi”.

Safari za watu mashuhuri kutoka Uingereza zimepungua. Mwaka 2019 mbunge wa Uingereza David Lammy alimkosoa hadharani mtangazaji Stacey Dooley kwa picha aliyopigwa Uganda akiwa amempakata mtoto, akisema dunia haihitaji tena wakombozi weupe. Oktoba 2020 Comic Relief ikatangaza kwamba haitatuma tena watu mashuhuri Afrika kurekodi filamu zake za kuchangisha, na kwamba itawatumia watengenezaji filamu wa hukuhuku. Uamuzi mzuri, kwa maoni yangu, na ulichelewa. Lakini haukugusa ufundi ninaousema, kwa sababu ufundi huo haukuzaliwa na televisheni. James Kagambi wa Naro Moru aliwafundisha watu kupanda milima kwa zaidi ya miaka thelathini kabla ya kusimama juu ya Everest, Mei 2022, akiwa na miaka 62, pamoja na timu ya wapandaji weusi ya Full Circle. Magazeti yakashangaa umri wake. Aliyewahi kutembea nyuma ya wazee wa mji huo hakushangaa sana. Umri ndio uliomfundisha kutokimbia.

Wakati wa kushuka kiongozi huhamia nyuma ya msururu. Magoti yamechoka, kilele kimepatikana, watangazaji wanaanza kuimba na kurukaruka, na hapo ndipo vifundo huteguka. Anawaacha waimbe. Anamweka kijana mwepesi mbele na kumwagiza asimpite mtu kwa zaidi ya hatua tano. Langoni mizigo inapimwa tena, mahema yaliyolowa yanatandazwa kwenye nyasi, wageni wanakumbatiana na kila aliye karibu, kisha magari yanaondoka kuelekea Nanyuki kwenye maji ya moto.

Bahasha ya bakshishi hufunguliwa mbele ya wote, na noti zinahesabiwa kwa sauti. Kiongozi ana fungu lake, mpishi lake, wapagazi yao, hayo yalikubaliwa kabla ya kuanza. Kinachobaki kujadiliwa ni kijana aliyebeba stendi ya kamera. Kwa kurudia matembezi ya yule mtangazaji mpweke, amepanda sehemu kubwa ya mlima huu mara mbili, wakati mwingine mara tatu, na mizani ya langoni haipimi kitu kama hicho. Mpishi anasema apewe fungu na nusu. Wengine wanauliza nusu hiyo itoke kwa nani. Kiongozi anasema itoke kwake, na kuanzia safari ijayo watu wa kamera walipe kwa kila kurudia.