Mwezi Mmoja na Vitabu vya Nyanda za Juu

Kitabu kikisomwa peke yake huwa mfalme: husema, na hapana wa kukijibu. Vitabu vitano vikisomwa katika mwezi mmoja huwa baraza, na msomaji hugeuka mwamuzi, atake asitake. Faida ya baraza la namna hii yaonekana wazi katika maandishi yahusuyo Nyanda za Juu Kusini, kwa kuwa Iringa na Mbeya zimeandikwa na watu mbalimbali, kwa lugha mbalimbali, na kila mwandishi alikuwa na haja yake.

Baraza laweza kufunguliwa na kitabu cha Magdalene von Prince, kilichotolewa Ujerumani mwaka 1903. Bibi huyu alikaa Iringa na mumewe, Tom von Prince, aliyekuwa mkuu wa boma, katika miaka ya mwisho ya vita vya Wahehe, naye alisimulia kwa kufuata shajara yake. Fadhila ya kitabu ni mambo madogo ya kila siku ambayo wanahistoria huyapita. Ila yake ni kwamba Mkwawa huonekana kwa mbali tu, kama mtu anayewindwa. Aliyelivunja jeshi la Zelewski huko Lugalo tarehe 17 Agosti 1891, akanyang'anywa ngome yake ya Kalenga mwaka 1894, na kujiua mwaka 1898 ili asitiwe mikononi mwa adui, hapewi humo nafasi ya kusema la moyoni. Hata hivyo kitabu kisitupwe. Shahidi wa upande mmoja angali shahidi, mradi ijulikane alikuwa ameketi wapi.

Nafasi hiyo ya kusema ilitolewa na M. M. Mulokozi katika tamthilia yake Mukwava wa Uhehe (1979). Hapa shujaa ana sauti, na sauti yenyewe ni ya Kiswahili. Jambo hili huvumiliwa bila kufikiriwa, nalo lina uzito: mtawala wa Kihehe anazungumza kwa lugha ya taifa ambalo halikuwapo alipokufa. Mtunzi hakudanganya kwa kufanya hivyo. Alimkabidhi Mkwawa kwa Watanzania wote. Hukosea msomaji aichukuaye tamthilia kuwa historia, na hukosea vilevile yule aikataaye kwa kuwa si historia.

Mizani hupatikana katika makala ya Alison Redmayne juu ya Mkwawa na vita vya Wahehe, iliyochapishwa kwa Kiingereza mwaka 1968. Humo dola ya Wahehe huonekana ikijengwa: Munyigumba, baba yake Mkwawa, aliunganisha tawala ndogo ndogo, na nguvu iliyopatikana iliwaelemea majirani. Wasangu walisukumwa kutoka katika nchi yao, na mtawala wao Merere akawa na ngome huko Utengule, si mbali na mahali ulipo mji wa Mbeya. Wajerumani walipokuja, Merere alishikamana nao, na Wasangu wakarudi Usangu. Katika tamthilia ya shujaa, ambayo kwa umbo lake humweka mtu mmoja katikati, tendo hilo ni rahisi kuitwa usaliti. Kwa aliyefukuzwa kwake, lilikuwa njia ya kurudi nyumbani. Mwalimu afundishaye tamthilia peke yake humwachia mwanafunzi wa Usangu aibu isiyo yake.

Kitabu cha nne kinaacha vita na kuingia kijijini. Monica Wilson, katika Good Company (1951), aliwaeleza Wanyakyusa wa Rungwe na vijiji vyao vya marika, ambamo vijana walijenga mbali na baba zao na kukaa na wa umri wao. Neno kuu ni ukwangala, yaani raha ya kula na kuzungumza na walio sawa nawe. Na katika mazungumzo hayo mtu hupata busara. Wilson anaeleza vizuri, lakini jicho lake hutafuta mpango, na mtu mmoja mmoja hupotea ndani ya desturi. Uchawi, kwa mfano, anauonyesha kuwa hofu inayolinda tabia njema kati ya majirani.

Ndipo riwaya ya C. G. Mung'ong'o, Mirathi ya Hatari (1977), inapostahili kuketi karibu naye. Kijana anarithishwa uchawi na baba yake, na msomaji halioni tena jambo hilo kutoka nje kama kanuni ya jamii. Analibeba pamoja na mrithi kama mzigo. Kinachoelezwa na mtaalamu kwa sura nzima, mtunzi hukifanya kiume.

Baraza likivunjika, hukumu ni hii. Hakuna kati ya vitabu hivi kinachoweza kushika kazi ya kingine, na kila kimoja hupungua kikiachwa peke yake. Lakini baraza lenyewe lina dosari: wawili tu kati ya wasemaji watano wanasema Kiswahili. Mwanafunzi asiyejua Kijerumani wala Kiingereza huyasikia ya Kalenga, asisikie ya Utengule. Kufasiri, kwa hiyo, si pambo la taaluma. Ni kumwita shahidi aliyeachwa mlangoni, ili kesi ya Nyanda za Juu isikilizwe na wenyewe.